Ule mkwaju kwenye chati: tunavyodhani na inavyofanya kazi

"Hiyo ni ya watu wa kompyuta," mhasibu wetu wa ofisi ya Ntinda, Kampala, aliniambia siku nilipomwonyesha alama ya mkwaju, hii /, ambayo vijana wanaiita slashi. Wakati anayasema hayo, kidole chake kilikuwa kinabonyeza *165# amtumie mtu pesa. Nilicheka. Kwani hiyo si amri? Unaiandika kama ilivyopangwa, mashine ya upande wa pili inaielewa, inakurudishia jibu. Ukitumia *165# ya MTN au *185# ya Airtel, umeshazoea kutoa amri. Hata kwenye chati jambo hili ni la zamani: IRC, mfumo wa mwanzomwanzo wa kuchati mtandaoni, ilianza Finland mwaka 1988, na watu waliingia chumba cha maongezi kwa kuandika /join. Leo kwenye Slack, programu ya kuchati kazini, unaandika /jira create, kazi inafunguka kwenye Jira, yaani ubao wa kazi za mradi, bila wewe kuhama ukurasa. Ila kuna mambo tunayoyadhani kuhusu amri hizi ambayo sivyo yalivyo.

"Nikishaandika amri, kikundi kizima kimeona."

Hii ndiyo iliyonichoma mimi. Sisi tunafunga sola, na kijana wetu alitengeneza boti ndogo, yaani programu inayopokea amri kwenye Slack na kujibu yenyewe, yenye amri ya /kazi. Jumatatu moja nikaandika kwenye chaneli ya mafundi, yaani kikundi chao cha Slack: /kazi Peleka betri nne kituo cha afya, Arua. Jibu likaja papo hapo, kadi ya kazi hiyo imeingia ubaoni. Nikafunga kompyuta, nikaenda zangu kununua rolex, ile chapati ya mayai.

Alhamisi nikampigia fundi wa Arua. "Betri zimefika?"

"Betri gani, dada? Mimi sijaona kitu."

Nikamtumia picha ya skrini yangu, naye akanitumia ya kwake. Chaneli ileile. Kwangu, chini ya salamu za asubuhi za dereva, kulikuwa na jibu la boti. Kwake salamu za dereva zilikuwepo, chini yake patupu. Nilipotazama tena yangu ndipo nikaona maandishi madogo ya kijivu juu ya lile jibu: ni wewe tu unayeliona.

Ndivyo Slack ilivyopangwa. Amri yenyewe haibandikwi kwenye chaneli kama ujumbe, na jibu la boti linaonekana kwa aliyeandika peke yake, mpaka mtengenezaji aielekeze boti ijibu mbele ya wote. Kijana wetu hakuwa ameielekeza. Alibadilisha neno moja tu kwenye programu yake, tukamaliza. Ila betri zilichelewa siku tatu, na kadi yenyewe haikuwa hata na jina la mtu. Hilo la jina ni langu, simsingizii boti.

"Imeniambia imeshindikana, basi kazi haikuingia."

Polepole. Slack inaipa boti sekunde 3 kujibu. Zikipita, wewe unaonyeshwa kwamba imeshindikana, kumbe huenda boti imeshapokea amri na inaendelea kufungua kadi taratibu. Ukirudia mara tatu kwa hasira, kesho ubaoni kuna kadi tatu za kazi moja na mafundi wawili wanagombania safari. Fungua ubao kwanza, uangalie. Na usikimbilie kulaumu bando lako: sekunde hizo zinahesabiwa kati ya seva za Slack na seva ya boti, simu yako haimo. Ukiona kosa hilo, jua amri yako ilishafika Slack.

"Mkwaju ni mkwaju, popote utakapouweka."

Hapana. Kwenye Slack ukianza na nafasi moja kabla ya mkwaju, amri inageuka ujumbe wa kawaida na wote wanausoma. Mwenzetu mmoja alijua hivyo siku alipomwandikia boti jambo la posho. Tena amri za boti za nje hazifanyi kazi ndani ya uzi wa majibu, yale yanayofunguka chini ya ujumbe mmoja. Toka kwenye uzi, andika kwenye chaneli yenyewe. Na kila programu ina maneno yake: aliyezoea ya Jira asitegemee Trello, ubao mwingine wa kazi, itamwelewa.

Wapo pia wanaodhani kwamba kwa kuwa amri haibandikwi, basi ni siri. Maneno yako yanasafiri mpaka kwenye seva ya mwenye boti, na boti nyingine ni za kampuni za mbali. Sisi tumekatazana kuandika namba za simu za wateja ndani ya amri. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na mteja aliyetupa namba yake tumfungie sola hakutupa ruhusa ya kuizungusha.

Fundi wa Arua bado ananiuliza, "Dada, kwa nini tusifanye haya WhatsApp?" Kwenye WhatsApp Business mkwaju upo kweli, lakini unakuletea majibu uliyoyahifadhi mapema tu; haufungui kadi popote. Telegram ndiyo ingefaa, ina boti zenye amri za mkwaju tangu 2015. Nilimwambia aipakue. Akaipakua, akajiunga na vikundi vitatu vya mpira, na kazi tunaendelea kuandikiana kulekule Slack.