Je, wajua kwa nini ukoo wa Mmarekani Mweusi hukatika mwaka 1870?

Ukifuatilia ukoo wa Mmarekani Mweusi sensa baada ya sensa, ukirudi nyuma, mara nyingi majina hufika 1870 yakakatika, isipokuwa kwa waliokuwa huru kabla ya hapo. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaweka watumwa katika orodha yao ya kando, na humo mwenye jina ni mmiliki. Chini yake ni mistari mitupu: mwanamke, miaka 30, mvulana, miaka 4. Utumwa ulifutwa kikatiba Desemba 1865, ndipo sensa iliyofuata ikawaandika kwa majina.

Kwa muda mrefu niliamini kazi iliyobaki ni nyepesi: shika jina la ukoo la 1870, tafuta Mzungu mwenye jina hilo katika orodha ya 1860, umempata mmiliki. Sivyo. Wapo waliobaki na jina la mmiliki wa mwisho, lakini wengine walitwaa la mmiliki wa zamani zaidi, au la baba, au lile walilokuwa wakiitana wenyewe bila bwana kujua. Booker T. Washington, aliyeongoza chuo cha Tuskegee tangu 1881, alizaliwa Virginia katika shamba la James Burroughs. Jina la Washington alijipa mwenyewe utotoni, siku mwalimu alipoita mahudhurio akagundua kila mwenzake ana majina mawili au zaidi. Baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Anayesaka mmiliki aitwaye Washington atamaliza kaunti nzima bure.

Penye majina ni kwenye mirathi. Mfugaji akiulizwa na mtoza kodi ana ng'ombe wangapi, atajibu kumi, basi. Akifa, wanawe wakikaa kugawana, hakuna tena habari ya kumi: ni yule mwekundu wa maziwa, ni huyu mzee, ni ndama wa fulani. Kila mmoja ana thamani yake, lazima atajwe. Sheria za majimbo ya utumwa ziliwafanya watu mali, na mmiliki alipofariki mali yake iliorodheshwa mahakamani pamoja na bei.

Mara nyingi hutajwa jina la kwanza tu, na akina Mary na John ni wengi. Kwa hiyo hutafutwa kundi: mama na wanawe wanaofuatana vilevile katika sensa ya 1870. Hata hapo umri huwa wa kukisia.

Orodha ya mali ya Burroughs ya 1861 ipo. Humo kuna mstari mmoja: mvulana Mweusi, Booker, dola 400.