Je, Mji Mkongwe ulijengwa kwa matofali ya kuchoma?

Wengi wetu Unguja tumekua tukisikia kwamba majumba ya Mji Mkongwe ni ya matofali ya kuchoma, na kwamba kila penye majivu ya kale na vibonge vyeupe palikuwa na kiwanda cha matofali. Ni fikra inayoeleweka. Siku hizi ukitaja ukuta, mtu anawaza tofali.

Sehemu kubwa ya majumba yale, mengi ya karne ya 19, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Kilichochomwa ni chokaa. Magogo yalipangwa duara, ya minazi yakiwemo, juu yake yakarundikwa mawe ya matumbawe, moto ukatiwa. Yakishaiva yalimwagiwa maji, yakafuka mvuke na kupasuka hadi kuwa unga mweupe. Hilo ni tanuu la chokaa, kazi ya watu wenye ujuzi mkubwa, na inaniuma kuona jina lake linasahaulika.

Pita uchochoro wowote ambao plasta imebanduka. Mawe hayalingani, yana vitundu, mengine yana alama za kombe. Tofali lina kingo zilizonyooka. Ukikuta kipande cheupe kimeanguka chini, kikamulie limau: chokaa hutoa povu, udongo uliochomwa hautoi. Tafadhali usibandue ukutani, maana tundu dogo tu huingiza mvua ya masika.

Kisha muulize fundi mzee wa mtaani kwako walikuwa wakichomea wapi.