Themu ya kuwashia kompyuta: dhana potofu na ukweli

"Nimebadilisha picha lakini mashine bado inaleta ile ya zamani. Themu hii mbovu."

Fundi wa Linux, awe Darajani au Chake Chake, huisikia hii kila uchao, na mara nyingi mwenye kompyuta ameshapakua themu (picha na mapambo ya skrini ya kuwasha) tatu nyingine na kuzirundika juu ya ile ya kwanza. Themu haina kosa. Picha unayoiona mashine ikianza kuwaka, inayooneshwa na programu ya Plymouth, haisomwi kwenye folda ya /usr/share/plymouth/themes, kwa sababu wakati huo sehemu ya diski yenye folda hiyo bado haijafunguliwa. Inasomwa kwenye initramfs, faili lililobanwa linalokaa /boot, na ndani yake mna nakala ya themu kama ilivyokuwa siku faili hilo lilipotengenezwa mara ya mwisho. Unaweza kubadilisha picha kwenye folda kutwa nzima, nakala ile haina habari.

Kuna kipimo kisichohitaji amri yoyote: zima kompyuta huku unatazama skrini. Ikitokea picha mpya wakati wa kuzima, na ya zamani wakati wa kuwasha, tatizo ni initramfs, usitafute jingine. Wakati wa kuzima Plymouth husoma folda yenyewe. Ndiyo maana pia wanaojaribu themu kwa kuiendesha plymouthd kwenye terminali huiona iko sawasawa, wakawasha upya, wakarudi na malalamiko yaleyale.

Kwenye Ubuntu, Mint na Debian, amri ni tatu, na ya mwisho ndiyo watu wanayoiruka (penye jina, weka jina la themu yako):

sudo update-alternatives --install /usr/share/plymouth/themes/default.plymouth default.plymouth /usr/share/plymouth/themes/jina/jina.plymouth 100

sudo update-alternatives --config default.plymouth

sudo update-initramfs -u

Mnaowasha kwa kerneli (kiini cha Linux) ya zamani ongezeni -k all kwenye hiyo ya tatu. Kwenye Fedora ni amri moja, sudo plymouth-set-default-theme -R jina, na hiyo R ndiyo inayotengeneza initramfs upya. Ukiiacha umefanya nusu ya kazi.

Kisha hakikisha, usikisie (hii ni ya Ubuntu, Mint na Debian):

lsinitramfs /boot/initrd.img-$(uname -r) | grep jina

Kusipotokea kitu, rudi usome yale maandishi ya update-initramfs ambayo hukuyasoma. Yakisema "No space left on device", /boot imejaa kerneli za zamani: sudo apt autoremove --purge, halafu urudie. Kama faili za themu zimo na bado haionekani, fungua jina.plymouth. Mistari ya ImageDir na ScriptFile lazima itaje folda ilipo kweli. Aliyebadilisha jina la folda ili lipendeze, na ndani ya faili akaacha la zamani, amejifungia mlango mwenyewe. Na tafadhali, kompyuta ya mezani haina betri ya kuibeba umeme ukikatika amri ikiendelea. Kama hakuna UPS na taa zinachezacheza, amri hizi zisubiri.

"Themu imeua skrini, inakuwa nyeusi." Hiyo kwa kawaida ni draiva ya kadi ya picha kuchelewa. Andika i915 (Intel) au amdgpu (AMD) kwenye /etc/initramfs-tools/modules, kisha update-initramfs tena. Kwa Nvidia, weka nvidia-drm.modeset=1 kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha sudo update-grub. Ikiwa mashine haifiki popote, kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo) bonyeza e, futa maneno quiet splash, bonyeza Ctrl+X. Maandishi yatakuonesha inapokwama, na mara nyingi si kwenye themu. Kama una SSD na picha inapita kama umeme wa radi, hapo hakuna cha kutengeneza.

"GRUB na Plymouth ni kitu kimoja." Hapana. Menyu ya kuchagua mfumo ni GRUB, na themu yake hutajwa kwa GRUB_THEME, ikielekezwa kwenye theme.txt. Mstari wa GRUB_TERMINAL=console uwe na alama ya # mbele yake, la sivyo utaona maandishi matupu. JPEG za aina ya progressive GRUB haizifungui, kwa hiyo tumia PNG ya kawaida. Fonti ziwe .pf2, na hutengenezwa kwa grub-mkfont.

"Nembo ya Dell au HP itaondoka nikiweka themu." Inatoka kwenye ubao mama, kabla Linux haijaanza. Ukiiona pamoja na duara linalozunguka, unatumia themu ya bgrt, ambayo huiazima nembo hiyo kwa makusudi.

"Umeme ulikatika, themu ikafutika." Tazama saa kwanza. Ikiwa imerudi nyuma miaka, betri ndogo ya ubao mama (CR2032) imekufa, mipangilio ya BIOS (programu ya ubao mama) imerudi ya kiwandani na mashine inaanzia Windows. Themu iko palepale. Chomoa waya wa umeme, badilisha betri, rekebisha mpangilio wa kuwasha. Kwa kompyuta za mezani za mtumba, ni bora kuibadilisha siku unayoinunua.

"Basi nipigie Windows upya." Kwa ajili ya picha? Rudisha themu ya mwanzo kwa --config, endesha update-initramfs -u, uwashe upya.