Sini, shoti na teki: tofauti yake ni nini?

Anayeanza kujifunza utengenezaji wa video huyachanganya mapema maneno haya matatu, na si ajabu, maana yote yanataja kipande cha filamu. Kinachoyatenganisha ni nani anayekipima kipande hicho. Sini ni kipimo cha mwandishi, shoti ni cha mwongozaji na mpiga picha, na teki ni hesabu ya siku ya kurekodi.

Sini ni kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mahali pakibadilika au muda ukiruka, hiyo ni sini nyingine. Tuseme mama na mwanawe wanagombana jikoni, kisha mama anatoka uani na ugomvi unaendelea huko. Kwa mtazamaji ugomvi ni uleule, lakini kwenye skripti hizo ni sini mbili, kwa sababu kamera, taa na maikrofoni vyote vitahamishwa. Ndiyo maana kila sini hufunguliwa na kichwa cha herufi kubwa: NDANI. JIKONI – USIKU. Neno la kwanza humwandaa mtu wa taa, la pili humhusu anayetafuta lokesheni, la tatu humhusu mpanga ratiba. Na ratiba haijali mtiririko wa hadithi: sini zote za jikoni hurekodiwa kwa mkupuo mmoja, hata kama ya kwanza ni ya utangulizi na nyingine ndiyo inayofunga filamu.

Chini ya kichwa huja maelezo ya matendo. Huandikwa kwa wakati uliopo, tena hutaja kinachoonekana au kusikika tu. Ukiandika “Anamkumbuka marehemu mumewe”, mpiga picha atakuuliza aelekeze kamera wapi. Ukiandika “Anaizungusha pete kidoleni”, kazi yake anaijua. Kwangu mimi hili ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa aliyezoea kuandika hadithi fupi, ambako msimulizi ana ruhusa ya kuingia moyoni mwa mhusika atakavyo.

Kwa kawaida skripti huchapwa kwa fonti ya Courier, saizi 12, na ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Ni makadirio tu: ukurasa wa majibizano ya harakaharaka huisha kabla ya dakika, ilhali mstari mmoja usemao “Majeshi yanapambana” unaweza kula dakika tano. Wapanga ratiba huugawa ukurasa katika sehemu 8, hivyo sini fupi huhesabiwa kwa thumuni: thumuni mbili, thumuni tano, na kuendelea.

Shoti ina maana mbili, na hapa vitabu vingi vya wanaoanza huteleza kwa kutoa moja tu. Wakati wa kurekodi, shoti ni picha inayopatikana tangu kamera inapoanza kurekodi mpaka inaposimamishwa. Mezani kwa mhariri, ni picha iliyo kati ya mkato mmoja na mkato unaofuata. Kwa hiyo picha ya uso wa mama iliyorekodiwa bila kusimama yaweza kukatwa na kutokea kama shoti tatu, katikati zikiingizwa picha za mwanawe akimsikiliza.

Teki ni jaribio la shoti ileile. Mwigizaji akisahau maneno au ndege ikipita juu, shoti hurudiwa: teki ya 1, ya 2, ya 3. Kamera ikihamishiwa engo nyingine, hiyo ni shoti mpya na teki huanza kuhesabiwa upya. Namba hizi huandikwa kwenye klapa, kile kibao kinachopigwa mbele ya kamera. Katika mfumo wa Marekani, shoti za sini ya 12 hutofautishwa kwa herufi, 12A, 12B, na herufi I na O hurukwa zisije zikasomwa kama 1 na 0.

Mlio wa klapa nao una kazi. Mara nyingi picha na sauti hurekodiwa na mashine mbili tofauti, hivyo mhariri huitafuta fremu, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ambayo vipande viwili vya klapa vinagusana, akaipanga sambamba na mlio. Video nyingi zina fremu 24, 25 au 30 kwa sekunde. Sauti ikichelewa fremu chache tu, mtazamaji huona midomo na maneno haviendi pamoja. Ikiwa klapa haikupigwa mwanzoni, hupigwa mwishoni ikiwa imegeuzwa juu chini, ili mhariri ajue ni ya teki iliyokwisha.

Kwa kuwa teki ni nyingi na mpangilio umevurugwa, lazima awepo mtu wa mwendelezo. Yeye huandika glasi ilikuwa imejaa kiasi gani na ilishikwa kwa mkono upi katika neno lipi. Asipokuwepo, glasi itajaa na kupungua yenyewe kila mkato unapopita.

Miondoko ya kamera haina utata mwingi. Pani ni kuigeuza kamera kushoto au kulia, tilti ni kuielekeza juu au chini. Zumu tu ndiyo hudanganya, kwa sababu kamera haisogei hata kidogo: lenzi ndiyo inayokuza picha, na mhusika hukua sawasawa na ukuta ulio nyuma yake. Ukiisogeza kamera yenyewe, mhusika hukua haraka kuliko ukuta, na mtazamaji hujihisi anamkaribia.