Je, kila askari wa farasi angeweza kushindana dresaji Olimpiki?

Wengi huamini kwamba zamani askari yeyote hodari wa farasi aliweza kushindana dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi, kwenye Olimpiki. Ni rahisi kudhani hivyo. Lakini tangu 1912 hadi 1948, mwanajeshi alitakiwa awe ofisa. Sajini hakuruhusiwa, wala wanawake.

Mwaka 1948, kwenye Olimpiki ya London, Uswidi ilishinda dhahabu ya timu, kisha mwaka uliofuata ikanyang'anywa. Mmoja wa wapanda farasi wake alikuwa sajini aliyepewa uluteni wa muda tu. Ujanja wa vyeo! Mwaka 1952 milango ikafunguliwa, na mwanamke kutoka Denmark akatwaa medali ya fedha.

Linganisha magazeti ya Agosti 1948 na orodha za sasa: dhahabu ile sasa imeandikwa Ufaransa, si Uswidi.