Kapo inayobana zaidi si lazima iwe bora

Ujumbe huu kuhusu kapo, yaani kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gita kubana nyuzi zote, hauishi kwenye magrupu ya wanaojifunza gita: “Nunua kapo yenye springi kali kuliko zote, ikibana sana, sauti inakuwa safi.” Si kweli, na ukikufikia tafadhali usiusambaze.

Kazi ya kapo ni kukandamiza waya uguse freti (kipande cha chuma kinachokatiza shingo ya gita), basi. Nguvu inayozidi hapo huuvuta waya, na sauti inapanda kuliko inavyotakiwa. Jaribu mwenyewe: tyuni nyuzi zote 6 zikiwa wazi, funga kapo freti ya 2, kisha tazama tyuna (kifaa kinachoonyesha noti). Waya wa E lazima usome F♯, wa A usome B. Ikizidi, kapo inabana mno, au imekaa mshazari na kuvuta nyuzi upande.

Wengi wanachanganywa na mkwaruzo. Waya ukikwaruza, wanadhani springi ni dhaifu, kumbe mara nyingi kapo imekaa mbali na freti. Isogeze nyuma tu ya freti, karibu kuigusa, bila kuipanda. Sababu nyingine ni umbo. Gita la nyuzi za nailoni kwa kawaida lina shingo bapa na pana. La nyuzi za chuma lina mbinuko kidogo. Kapo bapa kwenye shingo iliyobinuka huacha nyuzi za pembeni zikilegea.

Kwa mtunzi anayehama ufunguo kila dakika, springi ya wastani ni nyepesi kutumia. Ya skrubu ni ya polepole, ila unapima mwenyewe mkazo. Dukani, donoa waya mmoja mmoja kabla ya kulipa.