Mshika mbili, moja humponyoka? Mwacheni mpiga besi apumue

Juzi tena. Shoo imeisha, nimepiga magoti nakunja waya zangu, anakuja jamaa na ile sura ya mtu mwenye ushauri, ananigusa bega: "Kaka, besi unaijua, ila chagua bendi moja. Mshika mbili, moja humponyoka." Nikamwambia asante. Kabla yake aliyeniambia hivyo alikuwa mpiga solo, mtu anayeijua kazi, na kabla ya huyo alikuwa mke wa kiongozi wa bendi yangu ya pili, na asiyeikumbuka ya mshika mbili anakuja na ya fisi na njia zake mbili. Mimi nina bendi tatu, na deiwaka juu yake, yaani kuziba nafasi ya mpigaji asiyekuwepo. Kwa hesabu za fisi ningeshapasuka zamani.

Na fisi mwenyewe tumemsingizia. Hakupasuka kwa sababu njia zilikuwa mbili, alipasuka kwa sababu alitaka kuzipita zote kwa wakati mmoja. Angeuliza kwanza kushoto wanachinja lini na kulia wanachinja lini, angekula mara mbili.

Hoja yangu nzima ndiyo hiyo, yaliyobaki ni hasira tu. Kinachomponyoka mwanamuziki mwenye bendi mbili sio bendi, ni tarehe. Tena sio tarehe yoyote, ni ile aliyojibu "poa, nitakuwepo" wakati moyoni ilikuwa "labda".

Watu wanadhani bendi ya pili ndiyo inafanya wenzako wasipatikane. Haya tupige hesabu. Bendi ina watu watano, tuseme kila mmoja ana nafasi siku 6 kati ya 10, huyu ana kazi ya mchana, yule ana mtoto mchanga, mwingine anasoma. Ili wote watano wawe huru siku ileile unazidisha 0.6 kwa yenyewe mpaka zitimie tano, inatoka kama 0.08. Yaani ndani ya siku 30 unapata siku mbili na ushee za kuiweka bendi nzima chumba kimoja, na hapo hakuna hata mmoja mwenye bendi ya pili! Hata kila mtu akiwa huru siku 8 kati ya 10 bado mnapata theluthi tu ya mwezi. Najua maisha hayako hivyo kabisa, wengi huwa huru wikiendi, lakini wikiendi ndiyo shoo zote zinapogombania, kwa hiyo nafuu yenyewe ni ya kuazima.

Ugomvi wenyewe wala sio wa leo. London mwaka 1904, okestra ya Queen's Hall ilikuwa na mazoea ya wapigaji kutuma deiwaka kila wakipata kazi yenye hela zaidi kwingine, mwongoza okestra Henry Wood anafanya mazoezi na watu hawa, siku ya onyesho anakuta sura nyingine. Uongozi ukapiga marufuku. Wapigaji kama 40 hivi wakabeba vyombo vyao wakaenda kuanzisha okestra yao wenyewe, ndiyo London Symphony Orchestra, ipo mpaka leo. Nani alikuwa sahihi? Wote bana. Wood hawezi kuongoza mtu ambaye hajawahi kumwona, na wapigaji hawawezi kuzuiwa kula pengine kama hapa hawashibi. Ila angalia matokeo: marufuku haikuwafanya wawe waaminifu, iliwafanya waondoke. Kiongozi akiniambia "kwangu hakuna mambo ya bendi mbili" namuuliza swali moja tu, mzee unanilipa mwezi mzima? Kama ndiyo, tukae tuongee. Kama unanipa shoo mbili kwa mwezi, zile siku 28 zilizobaki unazitaka za nini, uzitundike ukutani?

Sasa nirudi kwenye tarehe maana hapa ndipo damu inapochemka.

Tarehe sio kitu kimoja. Kwenye kalenda yangu kuna rangi tatu. Kuna iliyokonfemiwa, mteja katoa advansi, ukumbi unajulikana, saa inajulikana. Kuna iliyoshikwa, mteja anaonyesha nia lakini hajatoa kitu, anasema nishikieni. Na kuna stori, "kuna mtu anaulizia mwezi wa 12". Viongozi wetu wa bendi, Mungu awabariki, wanazitupa zote tatu kwenye grupu kwa sentensi ileile: "Wakuu, tarehe 14 tuna shoo." Halafu watu wanajibu kwa dole gumba. Dole gumba! Maana yake nini lile dole? Nimeona? Nipo? Nimefurahi? Nimewahi kuwa na mpiga drams aliyeweka dole kwenye kila kitu, mpaka tangazo la msiba. Siku ya shoo unampigia anakwambia "kwani nilisema nakuja?" na ukweli hakusema.

Wanaopanga ziara kama biashara walishalimaliza hili kitambo. Ukumbi mmoja, tarehe moja, unashikwa kwa foleni: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa pili akiwa tayari kulipa anambana wa kwanza, na wa kwanza anapewa muda mfupi, mara nyingi siku moja au mbili, akonfemu au aachie. Hakuna kununa, hakuna "wewe sio mwenzetu". Mimi nikauchukua utaratibu huo nikajifanya mimi ndio ukumbi. Kiongozi wa kwanza akisema nishikie 14, namshikia kweli. Wa pili akija na 14 hiyohiyo na advansi mkononi, simjibu chochote kwanza, nampigia wa kwanza, napiga simu, situmi ujumbe: "Mzee, ile 14 imepata mwingine, una mpaka kesho jioni, unaichukua au unaniachia?" Mara nyingi anaachia, maana na yeye alikuwa anabahatisha. Mara nyingine simu yangu ndiyo inamsukuma akamsumbue mteja wake na hela inatoka siku hiyohiyo. Vyovyote iwavyo hakuna anayelala na uongo. Na ikishakonfemiwa imekonfemiwa, hata ije nyingine yenye hela mara tatu. Watu wanashindwa hapa, wala sio kwenye wingi wa bendi.

Na mimi nilishashindwa hapo, nisijifanye malaika. Miaka mingi nyuma shoo kubwa ilikuja siku tatu kabla ya shoo ndogo niliyokwisha kuikubali, nikasema naumwa. Kumbe mpiga kinanda wa bendi ile ndogo ana shemeji yake ukumbini kwenye ile kubwa, shemeji karekodi video katuma, mimi huyo mbele kabisa, mzima wa afya, nacheka. Hawajaniita tena na wana haki.

Nyingine ya haraka: shoo ya saa 3 usiku haianzi saa 3 usiku. Kwa mgongo wangu inaanza saa 9 alasiri, kupakia, njia, kushusha, saundi cheki saa 11, kukaa kusubiri, kupiga, kupakia tena. Anayekwambia "ile ni ya mchana hii ni ya usiku, hazigongani" hajawahi kupandisha kabineti ya besi kwenye ngazi. Zinazogongana sio shoo na shoo, ni saundi cheki ya pili na seti ya mwisho ya kwanza, kila siku ni hivyo.

Hatari halisi ya kuwa na bendi zaidi ya moja, ambayo hakuna mtu wa mshika mbili aliyewahi kunionya nayo, ni wimbo uleule. Nyimbo tofauti kabisa hazisumbui, kichwa kinazitenga chenyewe. Shida ni ule wimbo ambao bendi zote mbili zinaupiga. Kwetu bendi ya kwanza uko kwenye ufunguo wa G, ya pili dada anayeimba sauti yake inakaa chini wameushusha E. Ufunguo sio tatizo, vidole vinahama tu. Tatizo ni mwisho. Bendi moja inakata ghafla baada ya kiitikio cha tatu, nyingine inazunguka mara nne halafu ndio inapunguza mwendo. Basi niko stejini na ya pili, kiitikio cha tatu kikaisha, nikakata. Kwa ujasiri wote, nikaziba nyuzi na kiganja, nikainua na shingo ya gitaa juu kama mtu aliyemaliza kazi. Wenzangu wanne wanaendelea.

Besi ikitoka ghafla chini ya wimbo unaoendelea kuna kitu cha ajabu kinatokea, ni kama sakafu imeondolewa na viti vimebaki hewani. Dada aligeuka. Mpiga drams alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeshuka kwenye basi linalotembea. Na sikurudi mara moja, ilinichukua mizunguko miwili, kwa sababu kichwani nilikuwa nauliza naingia na E au na G, na nilipoingia niliingia na G.

Tangu siku hiyo naandika chati, na naandika kodi kwa namba ya nafasi yake ndani ya ufunguo sio kwa herufi, moja, nne, tano, sita ndogo, ili ufunguo ukihama chati isihame. Miisho naiandika kwa wino mwekundu. Na kabla ya shoo sirudii wimbo mzima, narudia mianzo na miisho tu, katikati kunajiendesha.

Masikio nayo neno moja: kipimo cha kelele salama kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, ukifika 100 una dakika 15. Mwenye bendi tatu anazimaliza hizo kwenye mazoezi ya Jumatatu. Vaa plagi, tuendelee.

Deiwaka. Kutuma deiwaka sio kutuma namba ya simu ya rafiki yako. Kwanza kiongozi anajua kabla, na anaweza kukataa. Pili, unampa mtu wako rekodi ya shoo ya mwisho, sio ya studio, maana studio tulipiga hivi na stejini siku hizi tunapiga vile na hakuna anayekumbuka tulibadilisha lini. Unampa chati, unamwambia nani anatoa ishara ya kukata na anaitoa kwa kichwa au kwa mkono. Akidai zaidi ya ninacholipwa, tofauti natoa mimi. Na deiwaka wangu haruhusiwi kutuma deiwaka wake, tumeshaona ya London.

Lakini hili linafanya kazi kwenye bendi za kopi, nyimbo ambazo kila mtu anazijua. Kwenye bendi ya nyimbo zenu wenyewe halifanyi kazi, au linafanya kwa shida sana, kwa sababu besi yenyewe inazaliwa mazoezini, huwezi kumtuma mtu akakuzalie. Kwa hiyo mimi nina bendi moja ya nyimbo zetu na mbili za kopi. Mtu akiwa na mbili za nyimbo zao wenyewe, zote zina moto, zote zinataka kurekodi mwaka huohuo, hapo yule wa mshika mbili anaweza kuwa na hoja. Nalisema hili meno yakiwa yamebana.

Ingawa hata hapo sina hakika. Mwaka 2002 Foo Fighters, bendi ya roki ya Marekani, walikuwa wamekwama na albamu yao, kiongozi wao Dave Grohl akaondoka kwenda kupiga drams na bendi nyingine, Queens of the Stone Age, kila mtu akadhani basi tena. Akarudi, wakazitupa rekodi za mwanzo karibu zote, wakairudia albamu haraka na ikatoka mwaka huohuo. Huwezi kusema bendi ya pili iliiua ya kwanza. Kama iliiponya, mimi siwezi kuapa, lakini nami kuna wiki nimetoka kwenye kopi nikaja kwenye nyimbo zetu na vidole vina kitu ambacho sikukipeleka.

Na kuna tundu kwenye sheria yangu ambalo nimelijua muda mrefu. "Aliyekonfemu kwanza" maana yake ni mwenye mteja mwenye hela, na bendi ninayoipenda ndiyo isiyo na wateja hao. Kila mwaka inakonfemu mwisho, kila mwaka inapata siku zilizobaki, na mimi nasema nimefuata utaratibu. Nilichofanya ni kuipa Alhamisi jioni, nimeiweka kwenye kalenda rangi ya iliyokonfemiwa kama vile mtu katoa advansi, na ikija shoo ya Alhamisi naikataa. Wenzangu wa bendi za kopi wanaona nimechanganyikiwa, nakataa hela kwa ajili ya mazoezi.

Mwezi uliopita niliivunja kidogo, Alhamisi moja tu, nilikuwa safarini na bendi nyingine, nikatuma kijana mmoja deiwaka. Kulikuwa na wimbo mpya tumeuhangaikia wiki sita, besi yake haikai. Kijana akauweka siku hiyohiyo, kapiga noti tatu pale ambapo mimi nilikuwa napiga tisa. Nilivyorudi kiongozi akaniita pembeni, akakohoa kwanza, akasema, "Kaka, huu mmoja tungependa aendelee yeye." Kwa hiyo Alhamisi hizi tunakuwa wapiga besi wawili chumbani. Wimbo huo ukifika namkabidhi kijana gitaa langu, mimi nashika kayamba.